Darubini ya Bunduki Si ya Kutafutia Mwezi: Nasaha kwa Vijana Wetu wa Eastlands



Wiki chache zilizopita mpwa wangu, mtoto wa dadangu anayeishi nasi hapa Umoja tangu alipoanza chuo, alinijia na simu mkononi. "Mjomba, hebu tazama hii. Bei yake ni ya kutupa." Kwenye picha palikuwa na darubini ya bunduki, nyeusi, ndefu kama futi moja, imeandikwa 3-9x40.

Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, Shaaban ikifika ishirini na tisa apande nayo juu ya paa la jengo letu autafute mwezi mwandamo. Ya pili aliisema kwa sauti ya chini: akienda likizo kwa babu yake, huko bara ya Kilifi, kuna jamaa ana bunduki, na kanga wamejaa porini.

Nilimwambia aketi. Mimi si mwindaji, lakini kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi miaka kadhaa nikitengeneza kamera na darubini, na vioo navijua. Tulizungumza mpaka adhana ya Isha. Kwa kuwa najua si yeye peke yake anayetazama picha hizi usiku kwenye simu, nimeona niyaandike tuliyoyasema.

Maana ya zile namba

Tuanze na haki ya kifaa chenyewe. Namba 3-9 maana yake ni kwamba darubini ile inakuza kitu kuanzia mara 3 hadi mara 9, na wewe unachagua kwa kuzungusha pete. Namba 40 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hicho ndicho kinachokusanya mwanga.

Wengi wetu tunadhani kukuza zaidi ndio uzuri. Sivyo. Jirani zetu wa Tanzania wanaruhusu uwindaji kwa leseni, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Mwindaji wa kule aliye ndani ya msitu wa miombo humwona mnyama kwa karibu, baina ya majani. Akikuza mara 9, kioo kinajaa majani matupu na hajui kama anatazama bega la mnyama au gogo. Hapo anataka mara 3, aone eneo pana. Akitoka kwenye mbuga ya nyasi, ndipo anapoongeza. Ndiyo sababu 3-9x40 imekuwa chaguo la kawaida la mwindaji wa kila mahali: inafaa porini na inafaa mbugani. Kioo cha milimita 50 au 56 hukusanya mwanga zaidi magharibi inapoingia, lakini ni kizito, na hukaa juu mno ya mtutu hata shavu lisitulie kwenye kitako cha bunduki.

Jambo la pili ni nafasi baina ya jicho na kioo cha nyuma. Kwenye darubini ya bunduki nzuri ni kama sentimita 9. Bunduki ikilia hurudi nyuma, na asiye na nafasi hiyo hupasuliwa nyusi.

La tatu ndilo kubwa, nalo halionekani kwenye picha: uimara wa ndani. Vile vifundo vya kurekebishia shabaha, katika darubini nyingi, kila mlio mmoja huhamisha shabaha kiasi cha milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Darubini ya bei ya kutupa hutikiswa na kishindo cha risasi chache, na shabaha ikahama bila ya mwenyewe kujua. Matokeo yake ni mnyama aliyepigwa tumboni akakimbia kwenda kufa kwa uchungu. Dini yetu imehalalisha kuwinda kwa chakula, na ina masharti yake. Kumtesa mnyama haimo.

Kwa nini nilimkataza

Baada ya kumweleza hayo, nilimwambia asiinunue.

Sababu ya kwanza ni sheria. Nchi hii iliwahi kuwa mlango wa wawindaji wa dunia. Mwaka 1909 aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliteremka bandarini Mombasa, akapanda gari la moshi kwenda bara na msafara mkubwa wa kuwinda. Wapagazi wengi wa misafara ya zama zile walikuwa Waswahili, wazee wetu. Wengine walibaki Nairobi, na mojawapo ya vijiji vya mwanzo vya Waafrika hapa mjini kiliitwa Mombasa, kabla ya watu kuhamishiwa Pumwani miaka ya 1920. Kwa hivyo uwindaji si jambo geni kwetu. Lakini mwaka 1977 serikali iliupiga marufuku, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Maneno "jamaa ana bunduki" si leseni. Cheti cha silaha ni cha mwenyewe, hakiazimwi kama baiskeli.

Sababu ya pili ilinifanya nishushe sauti mimi pia. Fikiria kijana mwenye kofia na kanzu, magharibi, juu ya paa la ghorofa tano hapa Eastlands, ameweka darubini ya bunduki jichoni anaielekeza mjini. Ni nani atakayengoja umweleze kwamba unatafuta mwezi? Hatujasahau Aprili 2014, msako ulioitwa Usalama Watch ulipoingia Eastleigh, watu kwa maelfu wakakamatwa na wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani. Wengi wao kosa lao lilikuwa sura na mtaa. Simwambii kijana wetu aishi kwa woga. Namwambia asibebe kwa hiari yake kitu kinachomfanya afananishwe na mtu mwengine.

Sababu ya tatu ni ya wawindaji wenyewe. Mwindaji mwenye adabu hatafuti mnyama kwa darubini ya bunduki, kwa sababu popote anapotazama, mtutu nao unatazama hapo hapo. Huenda kile kinachotikisika kichakani ni mtoto anayeokota kuni. Hutafuta kwanza kwa darubini ya macho mawili iliyoning'inia shingoni, na akishakuwa na yakini ndipo anapoinua silaha. Sisi ambao silaha haituhusu, tunabaki na ile ya kwanza, na hiyo inatutosha.

Inayotufaa

Darubini ya macho mawili nayo ina namba mbili kwa hesabu ile ile: 8x42 inakuza mara 8, na vioo vya mbele vina upana wa milimita 42. Gawa 42 kwa 8, unapata kama milimita 5. Huo ndio upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Mboni ya kijana hufunguka hadi kama milimita 7 gizani. Yetu sisi wa miaka arobaini na kitu inakaribia 5. Kwa hivyo 8x42 inakidhi nyumba nzima, mjomba na mpwa.

Manahodha wetu kwa miaka mingi wametumia 7x50, nao wana sababu. Chombo kinayumba, na kadiri unavyokuza ndivyo mtikisiko unavyokua. Duara lake la milimita 7 huliweka jicho ndani hata wimbi likija. Nchi kavu, 10x50 inafaa kwa mtu mwenye mkono uliotulia. Ukipita mara 10, tafuta kigoda cha miguu mitatu, la sivyo utatazama mpigo wa moyo wako.

Sasa nikuhadithie aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma, na ufundi wangu wote, nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni darubini iliyoandikwa 60x60. Usiku wa mwezi nilipanda nayo paani, majirani wakanizunguka. Sikuona kitu ila ukungu wa rangi ya chai. Mzee mmoja akasema ameuona mwezi, na sote tukashangilia, mpaka mwezi wenyewe ukawasha taa nyekundu ukageuka kuelekea uwanja wa ndege.

Siku ya pili nilichukua rula, kama ambavyo ningefanya kwanza lau si tamaa. Jaribio hili mtu yeyote anaweza kulifanya dukani. Elekeza darubini kwenye mwanga wa mchana, si kwenye jua, ishike mbali na uso kama unavyoshika kitabu. Kwenye kioo cha nyuma utaona duara dogo jeupe. Lipime. Kisha pima kioo cha mbele, ugawe. Ile yangu kioo cha mbele kilikuwa milimita 40 na duara milimita 5. Yaani inakuza mara 8 tu, na ile 60 ilikuwa wino. Tena, duara likiwa na kona zilizokatwa badala ya kuwa mviringo kamili, ujue vioo vya ndani ni hafifu. Ukitazama na ukaona vitu viwili badala ya kimoja, irudishe hapo hapo, macho yatakuuma kichwa.

Ukiipata nzuri, mashariti ya mwezi ni machache. Usiinue darubini mpaka jua lizame lote, kwani kulitazama jua kwa kioo hata nukta moja kunapofusha. Mwezi ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka jua, huwa hauna mwandamo wa kuonekana, na darubini haitauumba. Na hapa Umoja upande wa magharibi tuna majumba ya mji na, kwa mbali, vilima vya Ngong. Tafuta paa lisilozibwa. Hukumu ya kuandama, na kama mwezi ulioonekana kwa chombo unakubaliwa, ni ya masheikh na Kadhi Mkuu, si yangu.

Siku nyengine zote za mwaka usiifungie kabatini. Mwewe na korongo wale wakubwa wenye upara wako juu ya Dandora kila siku. Kule Ruai, mabwawa ya maji taka ya Dandora yanajulikana na wataalamu wa ndege kwa wageni wanaohamia kutoka Ulaya na Asia kukwepa baridi. Chama cha Nature Kenya kwa miaka mingi kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege asubuhi ya Jumatano, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Huo ni uwindaji ambao hakuna askari atakayekuuliza leseni yake.

Jumamosi iliyofuata mimi na mpwa wangu tulishuka mjini na rula mfukoni. Wauzaji wawili walituchekea, wa tatu akatuazima kigoda. Tulirudi na 8x42 iliyotumika, vioo safi, duara kamili. Nilitoa nusu ya bei, na nusu yake bado namdai. Lakini tangu siku hiyo habari ya kanga na ya yule jamaa wa bunduki sijaisikia tena.

Wabillahi tawfiq.