Vifaa vya kuhifadhi data nyumbani bado havina kanuni moja

Familia nyingi siku hizi huweka picha na hati zao katika kifaa kidogo chenye diski mbili au zaidi, kilichounganishwa na ruta ili kila simu na kompyuta ya nyumbani ikifikie. Kifaa hicho huaminiwa mpaka siku kinapoharibika. Hapo mwenyewe hugundua kwamba diski zake ni nzima, lakini kifaa cha kampuni nyingine hakiwezi kuzisoma.

Chanzo hakiko katika mawasiliano ya mtandao. Upande huo maelewano yapo: itifaki ya SMB, inayotumiwa na Windows kushirikisha mafaili, imeenea katika mifumo mingine pia, kwa sehemu kubwa kutokana na programu huria ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ugumu umo ndani ya diski zenyewe. Mbinu ya RAID, iliyoelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, hutawanya data katika diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee. Kanuni ni ya wote, lakini namna ya kupanga vipande hivyo na kuandika kumbukumbu za mpangilio hutofautiana. Shirika la viwango vya uhifadhi, SNIA, lilikwisha kuchapisha mpangilio wa pamoja uitwao DDF, ila vifaa vya nyumbani kwa kawaida haviufuati. Vingi vimejengwa juu ya Linux, na fundi hodari aweza kuokoa data kwa kompyuta ya kawaida. Faraja ndogo kwa mwenye duka ambaye hesabu zake zimo humo.

Mwaka 2025 suala hili liliibuka kwa sura nyingine. Kampuni ya Synology ya Taiwan ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyake vipya vingehitaji diski ilizoziidhinisha yenyewe. Wateja walilalamika, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni ililegeza sharti hilo kupitia toleo la 7.3 la programu yake. Uamuzi ulikuwa wa kampuni, si wa sheria, na kwa hiyo waweza kubadilika tena.

Umoja wa Ulaya umeonyesha kwamba watengenezaji waweza kulazimishwa: tangu Desemba 28, 2024, simu mpya zinazouzwa huko hazina budi kuchajiwa kwa tundu la USB-C. Sheria hiyo haigusi mpangilio wa data katika diski.

Kwa sasa kinga iliyo mikononi mwa mtumiaji ni nakala ya pili katika diski ya nje ya USB, iliyoandaliwa kwa mfumo wa exFAT, ambao Windows na kompyuta za Apple huusoma bila programu ya ziada. RAID peke yake si nakala: faili likifutwa, hufutika katika diski zote kwa pamoja.