Kiharusi: Hospitali na Tiba ya Asili katika Daftari Moja

Wanafunzi wa madarasa ya Nachingwea na Ruangwa! Sogeeni karibu na redio, na mwalimu wa darasa asimame ubaoni. Neno letu la leo lina silabi nne: ki-ha-ru-si. Mwalimu aliandike, nasi tulisome kwa sauti. Ki-ha-ru-si. Vema.

Neno hili mmelijua kwa masikio kabla ya kulijua kwa macho. Mtu ameamka mzima. Ghafla mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki. Wengine husema amepooza. Wengine husema amepigwa na upepo, au amekumbwa na shetani. Msidhani kuwa hayo ni maneno ya vijijini tu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watu wa Dar es Salaam na watu wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Waliotaja zaidi mashetani na uchawi walikuwa watu wa Dar es Salaam! Wale wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Basi mtu wa mjini akikucheka, mwambie hilo.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hupata chakula na hewa kwa njia ya damu, na damu hupita katika mishipa. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu ile ya ubongo hukosa damu na kuanza kufa papo hapo. Upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia huendesha wa kushoto. Ndiyo sababu mgonjwa hulegea upande mmoja. Mkono wenyewe hauna kidonda. Anayeuamrisha ndiye aliyeumia. Mwalimu aiandike sentensi hiyo ubaoni, maana tutairudia.

Sasa nitawaeleza habari ya nyumbani kwetu. Mjomba wangu alianguka shambani wakati wa kupuliza salfa katika mikorosho. Ninyi mnajua uzito wa mjomba katika ukoo. Tulikaa baraza, tukaamua apelekwe kwa mganga kwanza. Majuma matatu alikaa huko. Alichanjwa chale, akaoshwa kwa dawa, akanyweshwa dawa huku amelala chali. Kila akinywa alipaliwa, nasi tukasema dawa inapigana na ugonjwa. Kumbe koo nalo lilikuwa limelegea, na dawa ilikuwa ikiingia mapafuni. Tulipomfikisha hospitali alikuwa na homa ya mapafu juu ya kiharusi, na presha yake ilikuwa imepanda sana. Daktari akauliza: amepewa dawa gani, kiasi gani, tangu lini? Hakuna aliyejua. Nami nilikuwapo, mtu mwenye stashahada ya chuo kikuu, nikatazama chini.

Basi je, tuseme mganga ni mbaya na hospitali ni nzuri, tumalize somo? Hapana. Mjomba aliporudi nyumbani, hospitali ilikuwa imekwisha kumpa ilichokuwa nacho, naye bado hakuweza kushika kikombe. Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza, na kazi hiyo ni ndefu.

Tuwatazame Wachina kidogo. Hawa si wageni kwetu. Wazee wa Nachingwea wanakumbuka wakufunzi wa Kichina waliofundisha katika kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Madaktari wao walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Kwao China, tangu miaka ya 1950, serikali iliagiza tiba ya asili na tiba ya hospitali zifanye kazi pamoja. Mgonjwa wa kiharusi hulazwa, hupimwa presha na hupewa vidonge. Akishatulia, hufanyishwa mazoezi ya kukaa, kusimama na kutembea. Katika wodi hiyo hiyo huja mkandaji wa misuli, na huja mtaalamu wa akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba kama unywele mahali maalumu mwilini. Dawa ya mizizi huchemshwa pia. Mganga mmoja wa Kichina, Wang Qingren, aliandika juu ya dawa ya namna hiyo kwa waliopooza upande mmoja katika kitabu chake cha mwaka 1830.

Je, inasaidia? Wachunguzi waliokusanya majaribio mengi ya akupancha kwa wagonjwa wa kiharusi walitoa taarifa mwaka 2016. Walisema huenda inasaidia, lakini majaribio mengi hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Kwa hiyo mtu akikuuzia sindano kwa bei kubwa na kukuahidi utapona kwa siku saba, funga mkoba wako. Mimi nawasifu Wachina kwa jambo jingine, nalo si sindano wala mizizi. Ni kwamba yote aliyofanyiwa mgonjwa huandikwa katika faili moja. Daktari anajua mkandaji amefanya nini, na mkandaji anajua presha ya jana.

Sisi hatuna wodi ya namna hiyo. Lakini tunaye mganga, tunao mabibi wanaojua kukanda, tunayo zahanati na hospitali ya wilaya. Jambo la kwanza ni mpango wa nani atangulie. Mdomo ukienda upande, au mkono ukianguka, au maneno yakipotea, mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile. Tazameni saa na mwandike. Katika hospitali kubwa chache ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu ugonjwa uanze. Hata pasipo dawa hiyo, presha, sukari na kumeza vinahitaji kutazamwa upesi. Msimpe kitu kwa mdomo, hata maji, mpaka wamempima kumeza. Msimpe aspirini nyumbani, maana kama mshipa umepasuka itazidisha damu kuvuja, na kwa macho matupu hakuna ajuaye kama umepasuka au umeziba. Yahitaji mashine ya kupiga picha ya kichwa.

Siku hizo za hatari zikipita, hapo bibi mkandaji na aje, kwa ruhusa ya daktari. Akande taratibu kwa mafuta. Asiuvute mkono uliolegea, maana bega huteguka. Kitambaa cha moto akijaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa ngozi ya mgonjwa huenda haisikii, nayo huungua bila yeye kulia.

Rudini sasa kwenye ile sentensi ubaoni. Kama aliyeumia ni yule anayeamrisha, kukanda peke yake hakutoshi. Ubongo ufundishwe tena, kama ninyi mnavyofundishwa kusoma: kwa kurudia. Sehemu nzima za ubongo hujifunza kazi ya sehemu iliyokufa, na maendeleo makubwa mara nyingi huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa huendelea hata baadaye. Mjomba tulimwekea bao. Tulimtaka aokote kete kwa mkono ule mbovu. Siku ya kwanza alitupa kete chini kwa hasira, akatutukana. Baada ya juma akaokota moja. Baadaye tukampa ungo wa mbaazi achague. Shangazi alitaka kumfanyia kila kitu, kumlisha, kumvalisha, kwa huruma, tulimwomba aache.

Na dawa za miti shamba? Hapa nitakuwa mkali. Vidonge vya presha visiachwe kwa sababu ya dawa ya mizizi. Presha haina maumivu. Mtu hujiona mzima, huacha vidonge, na kiharusi cha pili huja. Dawa nyingine za miti hugombana na vidonge. Mganga na aulizwe cheti chake, maana waganga huandikishwa kwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na jina la mti liandikwe.

Ndiyo, liandikwe. Nani ataandika? Ninyi. Nunueni daftari dogo. Katika kila ukurasa pigeni mistari, mpate safu nne: tarehe, presha, vidonge, kukanda na dawa za miti. Presha huandikwa kwa tarakimu mbili, mathalani 150/95. Ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, mara kwa mara, daktari aambiwe. Daftari hilo liende kwa mganga, liende na hospitali, bila kufichwa. La mjomba lilianzishwa na mpwa wake wa darasa la tano.

Kazi ya darasa: kila mmoja aandike ukurasa wa mfano wa siku tatu. Kisha mjadiliane: katika kijiji chenu, mtu akianguka usiku, nani ana pikipiki, na nani ataamua bila kungoja baraza la ukoo? Andikeni majina. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma maandishi yaliyo juu ya pakiti ya vidonge. Kwaherini.