Funga mbili katika tanzia moja

Na Waandishi Wetu

Wasomaji wetu wa ughaibuni wanaujua ukurasa wa tanzia. Mtu akifariki Leicester, Muscat au Minneapolis, tangazo linawekwa ukurasa wa mbele na chini yake unafunguliwa mchango wa kuusafirisha mwili nyumbani. Mazishi yakishapita, mhariri anabonyeza kitufe kimoja tu, Funga. Hapo mambo mawili yanatakiwa kutokea: tangazo liondoke ukurasa wa mbele, na mchango usimame, hesabu yake ipelekwe kwa mweka hazina.

Februari 2023 la kwanza lilitokea, la pili halikutokea.

Tangazo liliondoka. Mchango ukabaki wazi nyuma ya pazia, na wale waliokuwa wameweka anwani ya ukurasa wakaendelea kutuma pesa. Marehemu alikuwa ameshazikwa Tanga wiki mbili. Mweka hazina, mama mmoja tunayemheshimu sana, alitupigia simu akiuliza hizi pesa ni za nani, maana yeye hesabu alishaifunga na familia imeshatia saini. Ilibidi ampigie kila aliyechangia, mmoja mmoja, kumuuliza kama arudishiwe au zipewe watoto wa marehemu. Wapo waliomjibu vibaya. Pesa za msiba si pesa za kuchezea, na anayeshukiwa kwanza daima ni mweka hazina.

Kosa lilikuwa letu, na tunaona ni haki tueleze lilivyotokea, hasa kwa vijana wanaojifunza kuandika programu. Majaribio yetu yote yalikuwa yamepita.

Programu ya tovuti hii imeandikwa kwa lugha ya Perl, na inajengwa kwa vitu: tanzia ni kitu, habari ni kitu, harusi ni kitu. Aina ya kitu inaitwa klasi, na kila kazi ambayo kitu kinaweza kuifanya inaitwa methodi. Fikra hii si ya jana. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliianzisha kule Oslo, Norwei, na lugha yao ya Simula 67 ndiyo iliyoleta klasi na urithi, yaani klasi ndogo kurithi methodi za klasi kubwa kama mtoto kwa mzazi.

Tabu ya urithi inaanza mtoto anapotaka kurithi kwa wazazi wawili. Wazazi hao wakiwa na methodi ya jina moja, ipi ishike? C++ iliruhusu wazazi wengi mwaka 1989 na wenye kuitumia wakaonja joto yake. Java ilipotoka katika miaka ya 1990 ilikataa kabisa: mzazi ni mmoja. Python inaruhusu, lakini inachagua yenyewe kwa kufuata mpangilio wa wazazi, kimya kimya.

Mwaka 2003, katika mkutano wa ECOOP uliofanyika Darmstadt, Ujerumani, Nathanael Schärli, Stéphane Ducasse, Oscar Nierstrasz na Andrew Black walileta njia nyingine, waliyoijaribu katika Smalltalk. Badala ya kurithi, klasi inachukua mafungu madogo ya methodi na kuyaunganisha mwilini mwake. Wao waliyaita treiti. Katika Perl yanaitwa majukumu, na yalienea kwa Moose, kazi iliyoanzishwa na Stevan Little mwaka 2006. PHP iliyapata mwaka 2012 katika toleo la 5.4.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haina upendeleo. Majukumu mawili yakija pamoja na methodi za jina moja, programu inakataa kuendelea mpaka mwenye klasi aamue. Kutanguliza hili au lile hakubadilishi kitu. Hata jukumu moja likifika kwa njia mbili halihesabiwi kuwa mgongano, kwa sababu methodi ni ile ile. Hata Java, ilipolegeza msimamo mwaka 2014 katika toleo la 8, iliweka sharti kama hilo: mgongano unamzuia mwandishi hapo hapo, kabla programu haijaenda kokote.

Basi mbona sisi hatukuzuiwa?

Tanzia yetu ina majukumu mawili. Tangazo lina methodi iitwayo funga, inayoliondoa ukurasa wa mbele. Mchango nao una funga yake, inayosimamisha malipo. Kila aliyeandika alitumia neno sahihi, na hapo Kiswahili chetu kina utajiri wenye hatari: tunafunga duka, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao na tunafunga ndoa. Mwandishi wa jukumu la pili hakuwa na sababu ya kudhani neno limeshachukuliwa.

Lakini Moose ingetushika, lau majukumu yangeambatanishwa katika mstari mmoja. Sisi tulikuwa na mistari miwili. Tangazo liliambatanishwa zamani, tovuti ilipoanza. Mchango ulipokuja, kijana wetu wa kujitolea akaongeza mstari wake chini, kama mtu yeyote angefanya. Katika Moose mistari miwili si sawa na mmoja. Mstari wa kwanza ukishafanya kazi, funga ya Tangazo inakuwa mali ya klasi yenyewe. Unapofika mstari wa pili, Mchango unakuta klasi ina funga tayari, na sheria inasema methodi ya klasi inashinda ya jukumu. Hakuna mgongano, hakuna onyo. Sheria hiyo imeandikwa na ina sababu zake, ila kwa maoni yetu onyo dogo lisingemuua mtu.

Na majaribio? Jaribio la Tangazo liliunda klasi ndogo ya mfano, likaifunga, likaona tangazo limeondoka. Jaribio la Mchango likafanya vivyo hivyo na lake. Jaribio la Tanzia liliita funga na kuangalia ukurasa wa mbele tu. Yote yakapita. Kila jukumu lilipimwa likiwa peke yake, wala hakuna aliyepima ndoa yao.

Marekebisho yalichukua siku moja. Majukumu sasa yako mstari mmoja, na Tanzia ina funga yake yenyewe, inayoita zote mbili kwa majina ya pembeni. Inaanza na mchango. Mchango ukigoma kufungwa, tangazo linabaki ukurasa wa mbele na mhariri anaona kuna jambo. Hapo pia tulijikwaa: kuipa methodi jina la pembeni si kuibadilisha jina. Jina la zamani linabaki pale pale, na mgongano unabaki nalo, mpaka useme wazi kwamba la zamani liachwe au klasi iandike lake. PHP nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo wanaotoka huko wasishangae.

Majaribio ndiyo yaliyotuchukua muda. La kwanza tuliloandika linashangaza wanaoanza: linaunda klasi yenye majukumu mawili yanayogongana, katika mstari mmoja, na linapita iwapo tu programu itakataa. Ikikubali, jaribio limeanguka. La pili linageuza mpangilio wa majukumu na kudai jibu lile lile. La tatu linaita funga ya Tanzia na kuangalia pande zote mbili, ukurasa na hesabu. La nne linazima malipo kwa makusudi, kisha linahakikisha tangazo bado liko.

La tano ni la kienyeji, wala hatulionei haya. Linasoma mafaili yote ya klasi na kuanguka likikuta klasi yenye mistari miwili ya kuambatanisha majukumu.

Tulipoliendesha mara ya kwanza lilianguka papo hapo, si kwa Tanzia, ambayo tulishaitengeneza, bali kwa Harusi. Kule mistari ilikuwa imepinduliwa, mchango juu na tangazo chini. Michango ya harusi ilikuwa ikifungwa sawasawa, lakini mialiko ilibaki ukurasa wa mbele majuma mengi baada ya bibi harusi kuondoka ukumbini. Wasomaji walikuwa wakituandikia kuulizia ukumbi uko wapi, nasi tukiwajibu kwamba wenye shughuli wamesahau kutuarifu.