Rasimu ya kwanza ya riwaya haihaririwi kwa kuhesabu maneno

Majuzi alinijia mwalimu mmoja wa shule ya upili niliyemfundisha chuoni miaka mingi iliyopita. Kwapani alikuwa na furushi la karatasi, riwaya yake ya kwanza. Ameiandika kwa miaka minne, usiku, baada ya kusahihisha insha za wanafunzi. "Profesa," akasema, "nimefikisha maneno 92,000. Nifanyeje nifikishe laki?"

Nikamuuliza, laki ya nini? Akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Swali hilo si lake peke yake. Wengi wanaoniletea miswada hupima kazi kwa idadi ya maneno, na tarakilishi imewazoesha kwa kuwahesabia pale chini ya skrini. Sisemi ni vibaya. Wakati wa kutunga, hesabu hiyo humfunga mtu kwenye kiti. Mwingereza Anthony Trollope, aliyeandika riwaya nyingi huku akiwa mwajiriwa wa posta, alikuwa na shajara ya kurekodi kurasa alizoandika kila siku. Wastani wake ulikuwa kurasa 40 kwa wiki, kila ukurasa maneno 250, na saa yake iko mbele yake mezani.

Ila rasimu ikishakamilika, kipimo hicho hicho humgeuka mwandishi. Anayehesabu maneno huogopa kukata. Siku aliyofanya kazi bora zaidi ndiyo siku ambayo shajara humwonyesha kwamba amerudi nyuma!

Mtazame Chinua Achebe. Riwaya yake ya Things Fall Apart, ambayo Kiswahili inaitwa Shujaa Okonkwo, haikuanza kama tunavyoijua. Rasimu ya kwanza ilibeba vizazi vitatu: Okonkwo, mwanawe na mjukuu wake. Mnamo 1956 Achebe alikuwa London kwa mafunzo ya utangazaji katika BBC. Gilbert Phelps, mwandishi aliyekuwa miongoni mwa wakufunzi wake, aliisoma akataka kuwaonyesha wachapishaji. Achebe akasema bado. Aliporudi Nigeria aliondoa vizazi viwili vya mwisho, akabaki na Okonkwo, akaiandika upya sehemu hiyo moja. Kitabu kikatoka 1958. Hadithi ya mjukuu aliyeondolewa ikawa riwaya nyingine, No Longer at Ease, mwaka wa 1960. (Nakala yake ya pekee, ya mkono, nusura ipotelee London alikoituma ipigwe chapa. Wewe mwenye baruapepe huna kisingizio cha kukosa nakala ya pili.)

Basi mwandishi apime nini? Kwanza aufungie mswada kabatini, hata mwezi mzima, hadi sentensi zake zimwonekee kama za mtu mwingine. Kisha ausome mara moja bila kalamu mkononi. Halafu achukue daftari la kawaida, na kila sura aiandikie mstari mmoja: nani anataka nini, na kufikia mwisho wa sura kimebadilika nini? Sura inayokosa mstari huo ina kesi ya kujibu. Kila siku ya kuhariri aandike tarehe, sura, tatizo lililotatuliwa na lililobaki. Hayo ndiyo maendeleo.

Lugha ije mwisho. Wengi huanza na koma na upatanisho wa kisarufi, wakaing'arisha aya ambayo kesho itafutwa. Zamu ya lugha ikifika, mswada usomwe kwa sauti. Hapo utasikia usimulizi ulioanza na -li- ukiteleza hadi -na- bila sababu. Utasikia pia kilema chetu sisi tuliolelewa kwa insha za shuleni: kila mhusika anazungumza kama kamusi. Katika mswada mmoja niliousoma, makanga wa matatu alimwambia abiria, "Naomba unikabidhi nauli, ewe msafiri." Jamani! Matatu gani hiyo?

Nilipousoma mswada wa mwalimu wangu, niliona kwamba hadithi ni ya binti anayerudi nyumbani kudai shamba la mamake. Sura ya tatu, ya nne na ya tano zinamhusu babu aliyekwenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Zimeandikwa vizuri, tena vizuri sana, lakini binti hayumo na hazimhitaji. Nilipomwambia, aliinamisha kichwa. "Huyo ni babu yangu, Profesa. Nilikuwa nikiziandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitalini."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimshauri azihifadhi kwenye faili yake, zisubiri kitabu chao.

Jumapili alinipigia simu. Daftari lake lina wiki tano sasa. Maneno yamepungua hadi 81,000 na sura mbili za babu zimetoka. Ya tano bado wanavutana nayo.