HAKI YA KUULIZA

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini ile ya majalada ya siri ya wakoloni wa Kiingereza ilikuwa ndefu: ilichukua karibu miaka 50.

Mwezi wa Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha Serikali ya Uingereza. Nyingine zikatiwa moto, nyingine zikapelekwa Uingereza kwa siri. Kutoka Kenya peke yake yalisafirishwa majalada kama 1,500 wakati Uhuru ulipowadia mwaka 1963. Kenya ilipoyadai mwaka 1967, ilikataliwa.

Januari 2005 ilianza kutumika nchini Uingereza Sheria ya Uhuru wa Habari. Sheria hiyo yampa mtu yeyote, hata mgeni, haki ya kuuliza kama karatasi fulani zipo, na kujibiwa katika siku 20 za kazi. Ni haki njema. Lakini mtu ataombaje jalada lisilomo katika orodha yoyote? Majalada hayo yalikuwa yamefungiwa Hanslope Park, katika nyumba ya serikali yenye ulinzi.

Hayakutolewa kwa hisani. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau walifungua kesi London. Wanahistoria waliowasaidia walijua kwamba masanduku yalipakiwa Nairobi, wakayadai mbele ya mahakama. Mwaka 2011 Serikali ikakiri kuwa inayo: majalada kama 8,800 ya nchi 37, Tanganyika ikiwamo. Juni 2013 ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, Kenya na Tanzania nazo zilitunga sheria za kupata habari mwaka 2016. Kenya iliweka siku 21 za kujibu, Tanzania siku 30. Sheria zote mbili zaruhusu kuzuia habari kwa ajili ya usalama wa taifa. Basi tusiulize kwa jumla. Tutaje jalada, ofisi na mwaka. Tuandike, tuweke nakala, na tukinyimwa tukate rufani.

Siri ya kuilinda nchi twaielewa. Siri ya kuficha dhuluma hatuikubali, iwe ya mkoloni au ya mwingine yeyote.