Chanda Kilichofuma Kimia

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Historia ya kimia, kitambaa kile cha matundumatundu ambacho mafundi wetu wa cherehani hukiita lesi, yatuonyesha kinyume chake. Vidole vilivyokifuma havikuvikwa pete. Vilivyovikwa ni vya wanunuzi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na huenda msomaji akajiuliza ninatafuta nini katika mambo ya uzi na sindano. Hoja yangu ni kwamba kimia, kinapotajwa darasani, aghalabu hutajwa kama urembo tu wa shela ya bibi harusi au wa pazia la sebuleni. Kufunza hivyo ni kumwonyesha mwanafunzi kitambaa na kumficha mfumaji.

Ufundi huu ulistawi Ulaya katika karne ya 16, hasa Venice na Flanders. Kimia cha Venice kilisifika kwa kazi ya sindano. Cha Flanders kilisukwa kwa nyuzi nyingi zilizozungushiwa vijiti vidogo, juu ya mto uliochomekwa pini. Thamani yake ilikuwa kubwa hata ikawa suala la serikali. Mwaka 1665, Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alianzisha viwanda vya kimia ili fedha za Wafaransa zisiendelee kumiminika Venice.

Je, ni nani waliofuma? Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Katika majimbo ya Uingereza kama Buckinghamshire na Bedfordshire, hata katika karne ya 19, watoto wa umri wa miaka mitano hivi walipelekwa katika zile zilizoitwa shule za kimia. Humo waliimba beti za kuhesabia pini ili mikono isilegee. Mwalimu wa fasihi simulizi atazitambua mara moja: ni nyimbo za kazi, ndugu wa hodiya na wawe zetu. Huko Ireland, njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 ilipowaangamiza watu, watawa wa mji wa Youghal waliwafunza wasichana kufuma ili wapate riziki. Wakati huo mashine ilikuwa imekwisha kuingia. John Heathcoat alikuwa ameunda mtambo wa kufuma wavu wa kimia, na mwaka 1816 waliopinga mitambo walivamia kiwanda chake huko Loughborough, wakavunja mashine 55.

Haya yote yanaweza kufunzwa kwa kipande kimoja cha kitambaa. Mwaka 2010, UNESCO iliingiza kimia cha sindano cha Alençon, Ufaransa, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sentimita moja ya mraba ya kimia hicho huhitaji saa saba za kazi. Mwalimu na awape wanafunzi hesabu hii: leso ya sentimita 10 kwa 10 itachukua muda gani? Watapata saa 700, yaani karibu siku 88 za kazi ya saa nane kila siku. Kisha awaulize: aliyefuma alilipwa nini, na aliyeivaa alimjua?

Mwanafunzi aliyekwisha kuulizwa maswali hayo hatautazama tena mkeka wa ukili, wala kofia iliyotariziwa kwa mkono huko Lamu, kama bidhaa ya watalii tu. Atataka kujua mshonaji ni nani, alifunzwa na nani, na kila mshono wauitaje. Majina hayo ya mishono ni sehemu ya lugha yetu, nayo hudumu midomoni mwa wanaoifanya kazi.

Walimu wenzangu, watumeni wanafunzi wakawaulize mafundi hao wangali hai. Fundi akifa bila kuulizwa, hakuna kamusi itakayoturudishia msamiati wake.