Viini Viwili, Mshahara Mmoja? Kompyuta, Umeme na Mfanyakazi wa Sekreteria



Safari hii ukurasa wetu unazungumzia chombo ambacho wengi tunakitumia kila siku bila kukijua. Chombo hicho ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Wapo watakaouliza: jambo hilo linaihusu nini sendika? Si la mafundi hilo?

Linatuhusu sana. Hapa Kanyosha, kuanzia barabara kuu mpaka mitaa ya ndani, zimo sekreteria ambamo vijana wa kike na wa kiume wanachapa barua, maombi ya kazi na kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, na kupiga fotokopi. Riziki yao inategemea kompyuta na umeme. Umeme ukikatika, kazi husimama. Gharama ya umeme ikipanda, tajiri huutazama mshahara kwanza. Kwa hiyo mfanyakazi asiyejua mashine yake inakula umeme kiasi gani hana neno la kujibu anapoambiwa kwamba yeye ndiye anayeumaliza.

UMEME WENYEWE NI HABA

Tuanze na chanzo. Umeme wa REGIDESO unatoka hasa kwenye maji. Kituo cha mto Mugere, kusini mwa Bujumbura, kilianza mwaka 1982 kikiwa na nguvu ya megawati 8. Kile cha Rwegura, kule Kayanza, kilifuata mwaka 1986 na megawati 18. Ruzizi ya Pili ilianza mwaka 1989, nayo ni mali ya nchi tatu, Burundi, Rwanda na Kongo, kwa hiyo tunakula kwa mgao. Mwaka 2021 kituo cha jua cha Mubuga, kule Gitega, kiliongeza megawati 7.5.

Watu wameongezeka, mji umepanuka mpaka kwenye vilima, na mvua ikichelewa maji ya mabwawa hupungua. Ndiyo maana katika mji huu wati moja iliyookolewa ni faida ya kweli. Anayeijua ni yule anayekaa mbele ya kioo cheusi akingoja umeme urudi, na huku mteja anasonya.

MBIO ZILIZOISHIA UKUTANI

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Kila pigo ni hatua moja ya hesabu. Mapigo bilioni moja kwa sekunde moja huitwa gigahezi moja. Kwa miaka mingi makampuni ya Marekani yalishindana kwa jambo moja tu, kuongeza mapigo. Mnunuzi naye alizoea kuuliza swali moja: gigahezi ngapi?

Mbio hizo ziligonga ukuta mwaka 2004. Mwezi wa Novemba mwaka huo Intel ilitoa Pentium 4 ya gigahezi 3.8. Ya gigahezi 4 ilikuwa imeahidiwa, lakini mwezi wa Oktoba ilikwisha kufutwa. Sababu kubwa ilikuwa joto. Prosesa hiyo ya 3.8 ilipimwa kuwa na joto la wati 115, na yote hayo yanatoka kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kila wati inayoingia katika prosesa mwisho wake ni joto, na joto lazima liondolewe kwa feni, ambayo nayo inakula umeme.

Hapo waliigeukia njia nyingine. Badala ya kumchapa fimbo punda mmoja akimbie mpaka aanguke, wakafunga punda wawili. IBM ilikuwa imekwisha kuweka viini viwili katika kipande kimoja mwaka 2001, katika prosesa iliyoitwa POWER4, ya mashine kubwa za mabenki na mashirika. Mwezi wa Mei mwaka 2005 Intel ilileta Pentium D na AMD ikaleta Athlon 64 X2 kwa kompyuta za watu wa kawaida. Tarehe 27 Julai 2006 ikaja Core 2 Duo ya Intel. Hiyo ndiyo iliyojaa baadaye katika mitumba ya kompyuta iliyoletwa kwetu kutoka Ulaya na Dubai.

KWA NINI WAWILI WANASHINDA MMOJA

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, kila mmoja aifuate.

Umeme unaoliwa na kiini kimoja unakwenda sambamba na mapigo yake. Tena unakwenda sambamba na volti mara volti. Ukitaka mapigo mengi, lazima uongeze na volti, na hapo ndipo gharama inaporuka. Ukipunguza mapigo, unaweza kupunguza volti pia.

Tuseme kiini kimoja kina mapigo 1 na volti 1, na kinakula umeme 1. Sasa tupunguze mapigo yawe 0.8 na volti ziwe 0.8. Umeme utakuwa 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani 0.512. Karibu nusu. Kwa hiyo viini viwili vya namna hiyo vinakula 1.024, karibu sawa na kile kimoja cha kwanza. Lakini kazi yao kwa pamoja ni 0.8 na 0.8, yaani 1.6. Umeme ni ule ule, kazi imezidi kwa asilimia 60.

Hii ni hesabu ya ubaoni. Kiwandani yamo mambo mengine, kama umeme unaovuja hata kiini kikiwa kimelala. Lakini njia ndiyo hiyo, na matokeo yameonekana. Pentium D namba 840, yenye gigahezi 3.2, ilipimwa wati 130. Mwaka uliofuata Core 2 Duo namba E6600, yenye gigahezi 2.4 tu, ilipimwa wati 65, na katika kazi nyingi iliishinda ile ya kwanza. Zote mbili zina viini viwili. Hii ya pili ilijengwa upya, ikafanya hesabu nyingi zaidi katika kila pigo. Basi wingi wa mapigo peke yake si kipimo cha kazi, kama vile jasho jingi peke yake si kipimo cha shamba lililolimwa.

PALE WAWILI WASIPOSAIDIA

Hata hivyo tusidanganyike. Wenzetu wanaochota mchanga mtoni Kanyosha wanajua: watu wawili wenye sepetu hupakia lori upesi kuliko mmoja. Lakini lori likishajaa, usukani ni wa dereva mmoja. Ukimwongezea dereva wa pili, safari haitakuwa fupi.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Gene Amdahl wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1967. Ikiwa nusu ya kazi inagawanyika na nusu haigawanyiki, viini viwili havitaimaliza kwa nusu ya muda. Vitatumia robo tatu ya muda. Na kama viini hivyo vina mapigo 0.8 kama katika mfano wetu, faida yote inayobaki ni kama asilimia 6 au 7 ya mwendo. Ikiwa kazi haigawanyiki kabisa, utachelewa.

Kuchapa barua moja ni kazi ndogo, kiini kimoja kinatosha na kinasinzia. Viini viwili vinaonekana faida pale mambo mawili yanapokwenda pamoja: unachapa barua ya huyu, wakati mashine inasoma picha za yule au inatafuta virusi katika diski. Kiini kimoja kinashika hili, cha pili kinashika lile, nawe huoni kioo kikiganda.

UKINUNUA AU UKISHAURI KUNUNUA

Wanachama wengi wameanza kuungana kununua mashine. Yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, usinunue gigahezi. Uliza jina kamili na namba ya prosesa, kisha uliza wati zake. Pentium D ya zamani ni jiko. Core 2 Duo ya mezani ni wati 65 kwa aina nyingi.

Pili, usitishwe na kibandiko. Kompyuta nyingi nyembamba za kubeba zilizotoka kabla ya mwaka 2017, hata zilizoandikwa i5 au i7, zina viini viwili tu, na prosesa zake nyingi ni za wati 15. Kwa sekreteria hilo si aibu, ni neema. Ziko pia Celeron za viini viwili za wati 6, kama N4020 ya mwaka 2019. Mwendo wake ni wa pole, lakini kuchapa zinaweza.

Tatu, wati za prosesa si wati za kompyuta nzima. Kioo, diski na kisanduku cha umeme navyo vinakula. Tena prosesa haili wati zake zote muda wote. Ikipumzika, hupunguza mapigo na volti yenyewe.

Nne, hesabu betri. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina wati 1200 za saa moja. Ile ya risasi haifai kuinyonya kupita nusu, ama sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600. Kompyuta ya mezani inayokula wati 120 itaimaliza kwa saa 5. Ya kubeba inayokula wati 30 itakwenda saa 20. Toa kidogo kwa kinachopotea njiani katika kugeuza umeme. Tofauti hiyo ndiyo siku ya kazi iliyookolewa wakati mtaa mzima uko gizani.

Tano, kumbuka kwamba Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi hizi za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Si lazima zitupwe. Programu za bure za Linux zinakwenda vizuri juu ya viini viwili, ikiwa memori inatosha.

SASA TUZUNGUMZE HAKI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mashine ya viini viwili inafanya kazi mbili kwa pamoja. Baadhi ya matajiri wameliona hilo, wakasema: basi na mchapaji afanye mbili. Achape, apige fotokopi, apokee pesa, na ayajibu maulizo ya wateja. Jana kazi hizo zilikuwa na watu wawili. Leo ni mtu mmoja, na mshahara ni ule ule. Prosesa ilipoongezewa kazi ilipewa kiini cha pili. Binadamu hakuongezewa mkono wa tatu.

Tena lipo jambo la kukatwa. Mahali pengine mchapaji hukatwa faranga kwa jina la umeme. Tufanye hesabu. Tuseme kompyuta yake ya kubeba inakula wati 30, saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Jumla ni uniti 7 za umeme. Ni sawa na pasi ya wati 1000 iliyowashwa kwa saa 7. Mashine ya fotokopi ndiyo mlaji mkubwa, kwani lazima ichemshe rola lake ili wino ushike karatasi, na kazi hiyo inataka mamia ya wati. Na mali ya fotokopi ni ya nani? Faida yake inakwenda mfuko gani? Anayekula nyama asimlipishe mwenzake mifupa.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria, na makubaliano ya pamoja au hukumu ya usuluhishi. Haukusema kwa hasira ya tajiri. Tukumbuke pia kwamba kima cha chini cha mshahara mjini Bujumbura kiliwekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku, na kwa zaidi ya miaka 30 hakikuguswa. Katika miaka hiyo hiyo prosesa imeongezewa mwendo mara maelfu. Mashine imepandishwa cheo, mtu kaachwa mlangoni.

Kwa hiyo wanachama wa sekreteria walete madai haya mezani, kwa heshima na kwa maandishi:

1. Mtu asikatwe pesa ya umeme bila mita na bila makubaliano yaliyoandikwa.

2. Saa za kungoja umeme, mfanyakazi akiwa kazini, zihesabiwe kuwa saa za kazi. Hii iwahusu hasa wale wanaolipwa kwa ukurasa.

3. Mashine mpya ikipunguza gharama, sehemu ya faida iende kwenye mshahara, na asifukuzwe mtu kwa sababu yake.

4. Chumba kiwe na dirisha. Joto la kompyuta nne na fotokopi moja linaingia mwilini mwa mtu.

5. Mfanyakazi afundishwe mashine anayopewa, kwa saa za kazi.

Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kuandika kwa mwezi mzima: mashine zipo ngapi, wati ngapi, saa ngapi umeme ulikatika, nani alikatwa kiasi gani. Daftari la faranga chache linatosha. Tajiri anayekuja na maneno atakutana na tarakimu.

Wahandisi waligundua kwamba kumkimbiza mmoja mpaka aungue ni hasara, na kwamba wawili wakienda kwa kiasi hufanya zaidi kwa nguvu ile ile. Wafanyakazi wa Kanyosha, kidole kimoja hakivunji chawa. Tujiandikishe, tukutane, tuhesabu.

Umoja ni nguvu.